Apolo Kivebulaya, Mgeni wa Boga

Mhariri wa kurasa za Kiswahili ameniandikia akinitaka nilete habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri, aliyekwisha kufa zamani, ambaye maisha yake yaweza kuwafaa vijana wanaotoka shuleni na kuingia katika kazi. Kumchagua mtu huyo aliniachia mimi mwenyewe. Najua wengi mlitaraja nimchague John Chilembwe, kwa kuwa tuko Malawi na sura yake tunaishika mikononi kila tununuapo unga. Lakini habari za Chilembwe mnazisoma darasani, na kila tarehe 15 Januari nchi nzima hupumzika kwa ajili yake. Mimi nimemchagua Apolo Kivebulaya, Mganda aliyefanya kazi ya Mungu katika Boga, mashariki ya Kongo, akafa huko mwaka wa 1933.

Sababu ya kumchagua ni hii. Kazi yangu iko Lilongwe nami nalala Area 18, lakini wazee wangu wako Dzaleka, na karibu kila Jumapili huenda kuwaamkia na kusali pamoja nao. Dzaleka mnaifahamu: zamani ilikuwa gereza walimofungwa watu wa siasa, na tangu mwaka wa 1994 imekuwa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu elfu kumi au zaidi kidogo, na sasa wamo zaidi ya elfu hamsini, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na wengineo. Vijana wengi waliomo walizaliwa humo humo. Sasa kuna neno moja nalisikia kila mara katika mazungumzo ya vijana wetu baada ya ibada, nalo ni kwamba hapa si kwetu, tunapita tu. Kijana akiambiwa apande mwembe nyuma ya nyumba, atakuambia matunda yake atakula nani. Akiambiwa ajifunze Kichewa sawasawa, atakuambia huenda mwakani yuko Kanada. Hata kuoa wengine huahirisha, hata kubatizwa. Mimi siwacheki, maana nimesema maneno hayo hayo. Lakini nilipoanza kusoma habari za Apolo niliona kwamba yeye aliishi nusu ya umri wake katika nchi zisizo zake, tena alikaa kwa namna nyingine kabisa.

Basi, twende kwenye habari zenyewe.

Alizaliwa Buganda, katika upande wa Singo, yapata mwaka wa 1864. Alizaliwa pacha, akaitwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa mtoto wa kiume anayetangulia katika pacha. Ujana wake ulikuwa wa wakati mbaya. Katika miaka ya 1888 mpaka 1892 Buganda ilichafuka kwa vita vya dini: Waislamu, Waprotestanti na Wakatoliki walipigana, wafalme wakaondolewa na kurudishwa, na vijana wengi walichukuliwa kushika bunduki. Waswa naye alikuwa katika hao. Alisikia mafundisho ya Waislamu, akasikia pia mafundisho ya Mackay, yule fundi Mskoti aliyekuwa akifua chuma na kuchapa vitabu huku akihubiri. Alivuta bangi pia. Nasema hili kwa makusudi, kwa sababu watu wakiandika maisha ya watakatifu hupenda kuwapaka chokaa tangu utoto wao. Huyu hakuwa hivyo. Alikuwa kijana kama wale tunaowaona wamekaa ukutani karibu na soko, amejaribu hili na lile, hajui ashike lipi.

Kilichomshika mwishowe ni kusoma. Buganda siku hizo mtu aliyekuwa akijifunza dini ya Kikristo hakuitwa Mkristo kwanza, aliitwa msomaji. Kusoma na kuamini vilikwenda pamoja. Mtu alikaa chini na karatasi yenye herufi, akazitamka, na alipoweza kuyasoma maneno ya Injili mwenyewe ndipo alipojiandikisha kubatizwa. Waswa alibatizwa tarehe 27 Januari 1895, naye alikwisha pita miaka thelathini. Akachagua jina la Apolo, yule mtu wa Aleksandria aliyekuwa hodari wa kusema. (Apolo wa Biblia anaonekana mara ya kwanza katika Matendo ya Mitume mlango wa 18, na mimi nakaa Area 18. Rafiki yangu mmoja anasema ni ishara. Mimi nasema ni hesabu tu ya watu wa mipango ya mji, ambao namba zao hazifuatani wala mbele wala nyuma.)

Jina la pili, Kivebulaya, walimpa watu. Maana yake ni kitu kitokacho Ulaya, nalo husemwa kuwa lilitokana na koti la kizungu alilopenda kulivaa pamoja na kanzu yake nyeupe. Lilikuwa jina la utani, kama sisi tunavyomwita mtu kwa kofia yake, lakini alilikubali akafa nalo.

Mwaka ule ule wa kubatizwa kwake alitumwa kuwa mwalimu katika Toro, magharibi ya Uganda, chini ya milima ya Ruwenzori. Angalieni upesi wa jambo hili. Kanisa la Buganda lilikuwa changa bado, lakini lilikwisha anza kupeleka walimu wake lenyewe katika nchi za jirani. Wazungu walikuwa wachache. Waliokwenda kwa miguu, wakalala katika vibanda na kula walichopata, walikuwa Waganda kama Apolo.

Ng'ambo ya Toro, ukishuka katika bonde la mto Semliki na kupanda tena upande wa pili, kuna Boga. Chifu wa Boga wakati huo aliitwa Tabaro. Walimu wawili Waganda walitangulia kwenda huko mwaka wa 1896, lakini chifu alipoona mafundisho yao yanagusa pombe na wake wengi, watu wakakatazwa kuwapa chakula, na njaa ikawarudisha. Ndipo Apolo akasema atakwenda yeye. Alifika karibu na mwisho wa mwaka huo.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo penye moyo wa habari zangu. Apolo alijua kwamba wenzake walishindwa kwa sababu ya chakula. Angeweza kufanya shauri la kuomba posho kutoka Toro. Angeweza kumpelekea chifu zawadi. Lakini yeye alishika jembe. Alilima shamba lake mwenyewe, akapanda, akangoja mvua kama watu wa Boga walivyoingoja. Mtu anayelima shamba lake hawezi kufukuzwa kwa njaa. Tena jambo la pili lilitokea, ambalo nadhani hakulitazamia: watu waliompita shambani asubuhi walimwona mgongo umeinama kama wao, jasho likimtoka kama wao, wakaanza kumsemesha. Mwalimu anayekaa barazani akingoja kuletewa chakula ni mgeni daima. Anayepalilia jirani na wewe, siku moja mtaulizana habari za mbegu.

Alijenga kanisa dogo la miti na majani, akawafundisha kusoma wale waliothubutu. Hawakuwa wengi. Tena lugha haikuwa yake. Luganda na lugha ya watu wa Boga zina undugu, lakini mtu hucheka akisikia mgeni anavyozichanganya. Sisi tuliotoka Kivu tukajifunza Kichewa sokoni twajua jinsi mtu anavyouza kuku akidhani ananunua.

Kisha jambo baya likatokea. Siku moja watu walikuwa wakikata na kuchukua majani kwa ajili ya ujenzi wake, na dada yake chifu akaangukia mkuki uliokuwa katika majani, akafa. Tabaro akasema Apolo amemwua. Walimpiga, akafungwa, akapelekwa Fort Portal mbele ya Waingereza kama mwuaji, akatiwa gerezani. Fikirini: mtu yuko katika nchi isiyo yake, hana ndugu wa kumsemea, shtaka ni damu, na mwenye kumshtaki ni mkubwa wa nchi. Katika siku hizo za dhiki Apolo aliona njozi. Alisimulia baadaye, mara nyingi, kwamba Kristo alimtokea akiwaka kama jua, akamtia moyo asiogope, kwa kuwa yuko pamoja naye. Msomaji aweza kufikiri apendavyo juu ya njozi. Lakini lililofuata laonekana kwa macho: shtaka lilianguka, akafunguliwa, naye hakwenda kwao Buganda ambako hakuna mtu angemlaumu. Alirudi Boga, kwa Tabaro yule yule.

Tabaro alistaajabu. Baada ya muda akaomba kufundishwa, akabatizwa kwa jina la Paulo.

Kabla hatujamhukumu Tabaro, niseme neno kwa ajili yake, maana vitabu vya zamani humfanya kama Farao. Yeye alikuwa chifu katika miaka ambayo nguvu za kigeni zilikuwa zikimzunguka pande zote. Mfalme Kasagama wa Toro aliihesabu Boga kuwa chini yake, na Kasagama mwenyewe alikuwa ameshikwa mkono na Waingereza. Halafu anatokea mwalimu kutoka Toro, amevaa koti la kizungu, anasema miungu ya hapa haifai na desturi hizi ziachwe. Chifu yeyote mwenye akili angejiuliza nani amemtuma. Apolo aliamini ametumwa na Mungu, nami namwamini. Lakini njia aliyoipita ilikuwa imefunguliwa pia na bunduki za watu wengine. Lazima tuseme yote mawili. Na kwa sababu hiyo naona jembe lilikuwa jambo kubwa kuliko lionekanavyo, kwa kuwa ndilo lililomtenga na wale wengine waliokuja kutwaa.

Alipewa ushemasi mwaka wa 1900, na ukasisi mwaka wa 1903, kwa mikono ya Askofu Tucker. Miaka mingi baada ya hapo alifanya kazi Toro, akitembea toka kijiji hata kijiji, na habari zake nyingi za wakati huo zafanana: kusafiri, kufundisha, kubatiza, kujenga, homa. Sitaziandika moja moja.

Vijana huuliza kuhusu ndoa yake, kwa hiyo nijibu hapa. Alikuwa na mke, mke akafa, naye hakuoa tena. Si kwamba aliidharau ndoa. Aliozesha watu wengi. Lakini aliona kwamba safari zake na umaskini wake haviwezi kumchukua mke na watoto bila kuwatesa. Nyumba yake lakini haikuwa tupu. Ilijaa vijana na watoto ambao aliwalisha, akawafundisha kusoma, akawaagiza shambani. Waliotoka katika nyumba ile baadhi yao walikuwa walimu baadaye. Wapo kwetu kanisani watu wanaodhani mtu asiyeoa ni mtu asiyemaliza maisha yake. Watazame nyumba hiyo. Na wapo vijana wanaosema hawaoi kwa sababu wanamngoja Mungu afungue mlango wa kwenda ng'ambo. Hilo ni jambo jingine, wasimsingizie Apolo.

Wakati yeye yuko Toro, Boga ilihama nchi bila kuhama mahali pake. Kwa mapatano ya mwaka wa 1910 Waingereza na Wabelgiji waligawana mipaka, na Boga ikaangukia Kongo ya Wabelgiji. Watu walioamka asubuhi katika nyumba zao walikuwa na serikali nyingine, yenye lugha nyingine na sheria nyingine, wala kanisa lao dogo halikuwa tena katika ardhi ya wale waliolianzisha. Yapata mwaka wa 1916 Apolo akarudi kukaa kwao. Alikuwa amekwisha pita miaka hamsini, kichwa kinaanza mvi. Sasa alikuwa mgeni mara mbili, kwa kabila na kwa serikali. Akashika tena jembe lake.

Kazi ya mwisho ya maisha yake ilikuwa msituni. Magharibi ya Boga nchi yashuka katika msitu mkubwa wa Ituri, wanamokaa Wambuti, ambao watu wengine waliwadharau kwa ufupi wao wakawahesabu kuwa nusu ya watu. Katika miaka ya 1920, mzee huyu alianza kuingia huko. Aliona ameitwa tena. Alikwenda kwa miguu, katika njia ambazo baada ya mvua ni mito, akakaa nao, akala pamoja nao, akajifunza maneno yao, akaanza kutafsiri Injili ya Marko katika lugha ya msituni ili nao wawe wasomaji. Watu walishangaa kwamba mtu mkubwa wa kanisa, ambaye mwaka wa 1922 alipewa cheo cha kanoni wa Namirembe, akae chini kwenye majani pamoja na wawindaji. Kabla ya kufa aliwaona Wambuti wakibatizwa.

Vijana wenzangu wa Dzaleka nilipowasomea habari hizi walisikiliza vizuri mpaka mwisho, kisha kijana mmoja fundi wa baiskeli akanijibu kwa ukali. Akasema Apolo alichagua kwenda Boga, sisi hatukuchagua. Apolo angeweza kurudi kwao siku yoyote. Sisi tukirudi tutauawa. Apolo aliikuta ardhi akalima. Sisi tuna kiwanja cha hatua kumi, na mwaka wa 2023 wenzetu waliofungua maduka mjini waliamriwa warudi kambini, wakaziacha bidhaa na watoto wakatoka katika shule zao. Mtu atalimaje mahali ambapo kesho ataambiwa aondoke?

Maneno yake ni ya kweli, wala sikuwa na jibu la kuyafunika. Nilimwambia tu mambo mawili. La kwanza, Apolo naye aliwahi kung'olewa Boga kwa kamba, shamba lake likabaki bila mwenyewe. Hakupanda kwa kuwa alihakikishiwa kuvuna. La pili ni zito zaidi. Boga yenyewe haikupata amani kwa sababu mtu mwema aliilima. Tarehe 31 Mei 2021, siku moja baada ya siku ambayo Waanglikana humkumbuka Apolo, watu wenye silaha waliingia Boga na Tchabi jirani yake, wakaua watu zaidi ya 50, wakiwamo wakimbizi waliokuwa wamekimbilia hapo kutoka vijiji vingine. Maelfu wakakimbia. Kwa hiyo wajukuu wa wale waliofundishwa kusoma na Apolo nao wamelala chini ya maturubai kama sisi. Lakini kanisa lililotoka katika kile kibanda cha miti na majani lilipata askofu wake wa kwanza, mwenye kiti chake Boga, mwaka wa 1972, na mwaka wa 1992 likawa jimbo kamili la Kanisa Anglikana, likienea Kongo yote mpaka Kinshasa na Lubumbashi. Waliolieneza, wengi wao walikuwa watu wanaohama: wafanya biashara, wauguzi, wakimbizi wenye Biblia ndani ya mzigo.

Fundi wa baiskeli hakusema kwamba ameridhika. Alisema atafikiri. Namheshimu zaidi kwa hilo kuliko kama angeitikia amina.

Mwaka wa 1933 Apolo aliugua sana, akapelekwa hospitali ya Mengo, Kampala, kwao kabisa, kati ya Waganda wenzake. Alipoona kwamba hatapona aliomba arudishwe Boga. Safari hiyo kwa mgonjwa ilikuwa ngumu, lakini walimchukua. Alikufa Boga tarehe 30 Mei 1933. Tena alikuwa ameacha agizo juu ya kaburi lake: asilazwe kama desturi ya watu wake ilivyotaka, bali kichwa chake kielekee magharibi, upande wa msitu, ambako kazi haijaisha. Wakafanya hivyo.

Hakuacha mali ya kugombewa. Aliacha daftari zake, ambazo aliziandika kwa Luganda miaka mingi, na zimehifadhiwa Makerere. Ndizo zilizowasaidia waandishi wa maisha yake, kama Anne Luck katika mwaka wa 1963 na Emma Wild-Wood katika mwaka wa 2020. Lakini vitabu vyao ni vya Kiingereza. Wazee wa shule hii mlioko Kampala, na najua mko wachache, mngefanya jambo jema mkienda kuzitazama daftari hizo, na kama kati yenu yuko ajuaye Luganda sawasawa, atutafsirie japo kurasa chache kwa Kiswahili. Mhariri ameahidi nafasi katika toleo lijalo.